Sushi ya mkunga: ni lishe kweli au ni mafuta na sukari tu?

#1 Yadi_ya_Magari
Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Yokohama mwaka wa tatu sasa, kibarua changu ni yadi ya magari yaliyotumika, yale mnayoyapokea bandarini halafu mnalalamika redio inaongea Kijapani. Mwezi wa saba joto la huku halisimuliki. Si jua kavu la Dodoma, ni joto la unyevunyevu, shati linalowa kabla hujafika kituo cha treni. Nikakonda, hamu ya kula ikakata kabisa.

Bosi wangu, mzee wa watu, akaniambia dawa yake ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Akanipeleka mgahawa ambao visahani vya sushi vinapita mbele yako kwenye mkanda, unadaka unachotaka. Nikala sushi ya mkunga visahani vinne, kila kimoja vipande viwili. Ni tonge dogo la wali wenye siki, juu yake mnofu wa mkunga umebabuliwa na moto na kupakwa sosi nyeusi tamu.

Mzee anasema mkunga ana vitamini kupita mboga zote, ndiyo maana kila mwaka kuna siku maalumu ya kumla, wanaiita Siku ya Ng'ombe. Sasa wenye elimu ya lishe nisaidieni: ni kweli, au nimelishwa mafuta na sukari nikaanza kusifia? Maana kesho yake niliamka na nguvu, siwafichi.

#2 Popobawa_Mstaafu
Siku ya Ng'ombe mnakula samaki. Siku ya Samaki mnakula nini, mkuu?

#3 Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Ngoja waje wataalamu.

#4 BiMkubwa_Wodini
Nimeona "mkunga" kwenye kichwa cha uzi nikaingia mbio, nikajua wenzangu wameanza kuliwa huko Ujapani. Mimi ni mkunga, yule wa kuzalisha, miaka 26 wodini. Wanangu, andikeni vizuri: wa baharini ni mikunga, sisi ni wakunga.

Naingia zamu. Nikitoka nitarudi, kuna neno nataka kusema kuhusu vitamini A.

#5 Lishe_kwa_Hesabu
Mleta mada, bosi wako hajakudanganya sana. Wajapani wana majedwali ya serikali ya vyakula vyao, na mkunga wa kuchomwa na kupakwa sosi (wanamwita kabayaki) kwa gramu 100 yuko hivi: kalori karibu 290, protini gramu 23, mafuta gramu 21, vitamini A mikrogramu 1,500, vitamini D mikrogramu 19, vitamini B1 miligramu 0.75. Mwanamume mzima anahitaji vitamini A mikrogramu 900 kwa siku na B1 miligramu 1.2. Humo humo kuna mafuta ya omega 3 ya kutosha.

"Kupita mboga zote" ndipo alipotia chumvi. Karoti ni karibu 800 kwa gramu 100, kwa hiyo kwa karoti kashinda. Lakini ini la ng'ombe linagonga karibu 5,000. Ukitaka vitamini A nenda buchani, huhitaji nauli ya Yokohama.

#6 Kamongo_Halisi
Huyo si ndiye kamongo wetu wa Ziwa Victoria? Mrefu, mtelezi, anakaa matopeni. Sisi tumekula tangu utoto, hatujaandikiwa hata makala moja.

#7 Baharia_Mstaafu
#6 hapana ndugu yangu. Kamongo ana mapafu, anavuta hewa kama mimi na wewe, kiangazi anajifukia kwenye tope na kusubiri mvua. Mkunga ni ukoo mwingine kabisa. Na mikunga yenyewe ni mingi. Yule tunayemjua pwani, wa mwambani, mwenye meno ya kukutoa kidole, si huyo wa Wajapani. Huyo wao, wanayemwita unagi, anaishi mitoni, akikomaa anateremka baharini kwenda kuzaa.

#8 BintiChakechake
Mie kwetu Pemba huyo wa mwambani tunamla. Unamchuna ngozi, unamkaanga kidogo, ndipo unamtia tui. Ana mafuta hasa! Ila miba yake, ukila huku unapiga soga utajuta.

#9 Popobawa_Mstaafu
Watu wa pwani na vyakula vya nguvu. Huyo mzee wa Yokohama angepelekwa Forodhani akanyweshwa supu ya pweza, mbona mkunga angemsahau.

#10 Mgosi_wa_Makorora
#9 umegusa penyewe. Hii habari ya mkunga ni supu ya pweza yao. Kila taifa lina kiumbe kimoja kitelezi ambacho wanaume wameamua kinaleta nguvu. Hakuna cha vitamini hapo. Umeambiwa utapata nguvu, umelipa hela nyingi, utakosaje nguvu?

#11 Lishe_kwa_Hesabu
#10 tofauti ipo. Pweza hana mafuta karibu kabisa, ni protini na maji. Mkunga amebeba mafuta na vitamini zinazokaa kwenye mafuta. Huwezi kuwaweka kapu moja kwa sababu wote wanateleza.

#12 Mgosi_wa_Makorora
Sijasema wanalingana mchuzi, nimesema wanalingana sifa.

#13 Mswahili_wa_Maskati
Assalaam alaykum. Kabla hamjaenda mbali na vitamini: je, ni halali? Mkunga mwenyewe kwa sisi Shafi, cha baharini ni halali, hakuna mjadala. Wasiwasi wangu ni ile sosi. Nimefanya kazi jikoni hoteli ya hapa Maskati iliyokuwa na mpishi wa Kijapani. Sosi ya mkunga ni soya, sukari, na mirin. Mirin ni mvinyo mtamu wa mchele, ile ya asili ina kilevi asilimia kama 14. Wengine wanaongeza na sake, pombe yao ya mchele. Hapa wanatumia ya bandia isiyo na kilevi, huko kwao sidhani kama wanahangaika.

#14 Yadi_ya_Magari
Dah. #13 ungeniambia kabla ya visahani vinne.

#15 Msabato_Mpole
Sisi Walawi 11 imeshamaliza: mapezi na magamba. Mkunga hana magamba, uzi ufungwe.

#16 Baharia_Mstaafu
#15 hapo ndipo patamu. Unagi wa mtoni ANA magamba. Ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi, chini ya ule utelezi, huyaoni kwa macho ya haraka. Wa mwambani kwetu ndiye hana kabisa.

#17 Msabato_Mpole
Magamba ya kutafutwa kwa miwani hayo si magamba, mzee wangu.

#18 Jirani_wa_Kituo
Hata Ithnaashari wana mjadala huohuo wa magamba. Tuendelee na lishe, wakuu, la sivyo tutafika ukurasa wa 40 bado tuko kwenye ngozi.

#19 Mtaalamu_Mashaka
Lishe_kwa_Hesabu, namba zako nzuri ila zimekaa vibaya. Umetoa za gramu 100. Nani anakula gramu 100 za mkunga kwenye sushi? Kipande kimoja cha sushi kina mnofu wa gramu 10 hadi 15. Kilichobaki ni wali, siki, sukari na chumvi. Hiyo 1,500 yako igawanye kwa kumi ndiyo tuongee.

#20 Lishe_kwa_Hesabu
Nimegawanya. Sasa wewe zidisha: mleta mada kala visahani vinne, vipande viwili viwili, jumla vinane. Vinane mara 10 ni 80, vinane mara 15 ni 120. Tunarudi palepale kwenye gramu 100. Huyu bwana hakuonja, alikula.

#21 Popobawa_Mstaafu
Hahaha! Na bosi ndiye aliyelipa.

#22 Mtaalamu_Mashaka
Sawa, nimepigwa kwa hesabu. Lakini na wali wa matonge manane nao uhesabiwe, ni kama bakuli zima, kalori 200 na kitu juu ya zile 290. Mtu aliyekuwa hali chakula wiki nzima akapata karibu kalori 500, chumvi baada ya kutoka jasho siku nzima, na sukari kwenye sosi. Ataamka na nguvu hata kama juu ya wali ungeweka sambusa. Hayo ndiyo maelezo yangu: njaa na chumvi.

#23 Mzee_wa_Maktaba
Wakuu, sababu ya Siku ya Ng'ombe ni biashara. Ng'ombe hapo ni jina la siku katika kalenda yao ya zamani, siku zinapokezana majina ya wanyama 12, na ile inayoangukia mwisho wa Julai ndiyo wanakula mkunga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 mwenye duka la mikunga hakupata wateja wakati wa joto, akamwendea msomi mmoja, Hiraga Gennai, amsaidie. Gennai akamwandikia tangazo la kubandika mlangoni: leo ni Siku ya Ng'ombe. Watu walikuwa na imani kwamba siku hiyo ni vizuri kula kitu kinachoanza na "u", na unagi ndiyo hiyo. Duka likajaa.

Kichekesho ni kwamba mkunga wa mtoni ananona kuanzia vuli, anapojiandaa kwa safari ya kwenda kuzaa. Wakati wa joto hajafikia utamu wake. Siku hizi wengi ni wa kufugwa mabwawani, kwa hiyo wanalishwa wanone kufuata kalenda ya sokoni.

#24 Mgosi_wa_Makorora
Asante. Tangazo la duka, miaka 250, mpaka leo mtu wa Tanga anaulizwa kama ni dawa.

#25 Mwanafunzi_wa_Milele
#23 hadithi ya Gennai ni tamu ila haiwezi kuwa mwanzo wa jambo. Kuna mshairi wa karne ya 8, Otomo no Yakamochi, alimtania rafiki yake mwembamba kwa shairi akimwambia kakamate mikunga ule, ni dawa ya kukonda wakati wa joto. Halafu akaongeza jingine: lakini kuwa mwembamba na uhai ni bora, usije ukasombwa na mto ukiifuata hiyo mikunga. Hiyo ni miaka elfu moja kabla ya duka la Gennai. Kwa hiyo imani ilikuwepo, Gennai aliipaka rangi tu.

#26 Yadi_ya_Magari
#25 huyo rafiki mwembamba ndiye mimi sasa.

#27 Daktari_wa_Mtaa
Mimi naona mnapita pembeni ya jambo kubwa: vitamini B1. Edo, ambayo sasa ni Tokyo, watu wake walikuwa wanakula wali mweupe uliokobolewa sana, mboga kidogo. Wakawa wanaugua miguu kufa ganzi, kuvimba, moyo kuchoka. Uliitwa ugonjwa wa Edo, maana ukirudi kijijini unapona. Ni beriberi, ukosefu wa B1. Baadaye sana, miaka ya 1880, daktari wa jeshi lao la majini, Takaki Kanehiro, aliipunguza kwa kubadilisha chakula cha mabaharia, akaongeza nyama na shayiri, ingawa wakati huo B1 yenyewe ilikuwa haijajulikana.

Sasa mtu wa Edo aliyechoka miguu, mpe mkunga wenye miligramu 0.75 za B1 kwa gramu 100. Huoni kama angesimama? Watu hawakujua kwa nini, lakini waliona. Kwa hiyo si supu ya pweza, Mgosi.

#28 Mgosi_wa_Makorora
Daktari, mlo mmoja kwa mwaka unaponya beriberi?

#29 Daktari_wa_Mtaa
Hauponyi. Lakini nani amekwambia walikula mara moja kwa mwaka? Edo mkunga wa kuchoma ulikuwa chakula cha vibandani.

#30 BiMkubwa_Wodini
Nimetoka zamu. Neno langu ni hili. Vitamini A iliyo kwenye mkunga ni ile iliyokamilika ya wanyama, mwili hauna haja ya kuitengeneza kama ile ya karoti na viazi lishe. Ndiyo sawa na ile ya matone tunayowapa watoto kliniki kila miezi sita. Ni nzuri, lakini ina kikomo: mtu mzima asizidishe mikrogramu 3,000 kwa siku kama mazoea. Kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kuzidisha mara kwa mara kunaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vipande viwili vya sushi havina shida. Ila supu ya maini ya mkunga, ambayo nasikia huko wanainywa, na maini yetu ya ng'ombe kila siku, hapo mama apunguze.

Na baba mwenye kisukari asidanganyike na neno samaki. Wali una sukari, sosi ina sukari. Ninaye mume wa namna hiyo nyumbani.

#31 Siti_ya_Mbele
Mkunga akitoa ushauri juu ya mkunga. Uzi wa mwaka.

#32 Mbongo_wa_Rotterdam
Huku Uholanzi wanamla wa moshi, paling, kwenye mkate. Mtamu mno. Lakini tangu 2011 mito yao mikubwa kama Rhine na Maas imefungwa kwa uvuvi wa mkunga kwa sababu ya sumu za viwandani. Dioksini inajificha kwenye mafuta, na mkunga ni mafuta matupu. Kwa hiyo ukisema "ana mafuta mazuri", uliza kwanza amekulia maji gani.

#33 Kijana_wa_Fursa
Wakuu naona fursa. Baharia kasema wanaishi mitoni. Je, Rufiji hawapo? Tukafuga, tukawauzia Wajapani?

#34 Baharia_Mstaafu
Wapo. Mito yetu inayomwaga Bahari ya Hindi, Tana, Sabaki, Rufiji, ina mikunga ya maji baridi, ndugu wa huyo unagi. Lakini kabla hujakopa sikiliza. Hakuna shamba la kawaida linalomzalisha. Wajapani walifanikiwa kumaliza mzunguko mzima maabara mwaka 2010, kutoka yai hadi yai, na bado gharama ni kubwa. Wafugaji wanategemea vifaranga vinavyovuliwa vikiingia mitoni, vyembamba kama tambi na unaona mpaka ndani. Mayai yenyewe ya wa Kijapani hayakuwahi kuonekana baharini mpaka 2009, magharibi ya visiwa vya Mariana. Na tangu 2014 yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

#35 Kijana_wa_Fursa
Basi nirudi kwenye kuku.

#36 Mwana_Bukavu
Huku kwetu Bukavu tuna sambaza wa Ziwa Kivu, mtu anamla mzima, kichwa na mifupa. Kalsiamu yote hiyo. Ninyi muko munabishania samaki wa bei ya mbuzi.

#37 Mpishi_Kimya
Nasoma tangu mwanzo, naomba niulize swali moja. Mleta mada, una uhakika ulikula unagi? Nimejifunza sushi Dubai miaka minne. Kwa mila, mkunga wa sushi ni anago, wa baharini. Unagi ana maduka yake maalumu, anapasuliwa, anachomwa vijiti, Tokyo wanamwivisha pia kwa mvuke. Wapishi wana msemo: miaka mitatu kujifunza kuchoma vijiti, minane kupasua, na kubanika ni maisha yote. Anago huchemshwa taratibu akawa laini, akapakwa sosi. Hiyo migahawa ya mkanda inakuwa na wote wawili.

Na kwa wanaouliza kama ni mbichi: wote wawili hupikwa. Damu ya mkunga ina sumu, moto wa nyuzi 60 na zaidi kwa dakika kadhaa ndio unaivunja. Ikikurukia jichoni wakati wa kupasua utalia.

#38 Yadi_ya_Magari
Ngoja niangalie picha niliyopiga.

#39 Popobawa_Mstaafu
Moyo wangu unadunda.

#40 Yadi_ya_Magari
Wakuu. Nimemwonyesha binti wa ofisini anisomee kibao. Vitatu ni anago. Kimoja tu ndicho unagi.

#41 Popobawa_Mstaafu
😂😂😂 Kurasa zote hizi!

#42 Lishe_kwa_Hesabu
Basi nianze upya. Anago mbichi ana vitamini A 500 hivi kwa gramu 100, akiivishwa kwa mvuke karibu 900. Bado ni samaki wa maana. Mafuta yake ni karibu nusu ya yale ya kabayaki. Lakini B1 ni 0.05 tu, karibu sifuri. Daktari_wa_Mtaa, ile hoja yako ya beriberi kwenye visahani vyake vitatu haipo.

#43 Daktari_wa_Mtaa
Hoja yangu ni ya watu wa Edo na unagi, si ya mtu aliyedaka sahani bila kusoma.

#44 Mgosi_wa_Makorora
Na aliamka na nguvu vilevile! Nimesema tangu #10.

#45 Mtaalamu_Mashaka
Na mimi tangu #22. Njaa na chumvi.

#46 Msabato_Mpole
Baharia, huyo anago ana magamba?

#47 Baharia_Mstaafu
Hana. Hata kwa miwani.

#48 BintiChakechake
Bosi alosema ni dawa alokula nini mwenyewe?

#49 Yadi_ya_Magari
#48 sasa nakumbuka, alikula jodari tu na chai. Jumapili nakwenda duka lenyewe la unagi, bakuli moja ni yeni 4,000, nitaleta mrejesho. Sosi nitauliza kwanza.

#50 Kijana_wa_Fursa
Mkuu, achana na mikunga. IST ya 2007 isiyo na kutu, mpaka inashuka Dar, inasimama shilingi ngapi?